Taa Zilidhani Hakuna Mtu

Hii nikiwaambia mtaniona mjinga, lakini chekeni tu, angalau nitakuwa na watu. Tulikuwa tunaweka taa za kuwaka mtu akipita, kwa hoteli moja mtaa wa Kileleshwa, ndani imepambwa kama msitu. Wenzangu hula pamoja, mimi hula peke yangu nyuma ya mti wa simiti. Nikasinzia hapo na chapati mkononi, na kwa kuwa sikusogea, taa zikazima. Nikaamshwa na sauti ya bosi akimwonyesha mama mwenye hoteli kazi yetu.

"Mama, ona, hakuna mtu, taa zimezima, stima haiharibiki."

Mimi nilikuwa nataka mama aniandike kazi ya kudumu, nikaruka ili anione, "Niko hapa, mama!" Taa zikawaka zote, mama akapiga nduru, chapati yangu ikamwangukia kiatuni.

Baadaye bosi akaniuliza polepole, "Nilidhani mmeenda lunch wote. Kwani wewe ukikosekana, hakuna mtu huuliza?"