Mvinyo Mweupe wa Tsiala

Tsiala nilipika naye miaka kumi na tisa katika jiko la shule ya chekechea ya kijiji chetu. Mfupi, mcheshi, na ulimi wake haudanganyiki. Wanaume wa huku hunywa mvinyo wa baba zao na chakula chochote, mwaka mzima. Kuchagua wanaona ni madaha. Yeye hata supu ya watoto aliionja akaniuliza, "Hii, ingekuwa ya wakubwa, ungeinywea mvinyo gani?"

Mumewe, Jumber, alikuwa na mitungi minne ya mvinyo mweusi, ndivyo tuitavyo mwekundu, iliyofukiwa chini ya sakafu ya ghala ili uchachuke. Tsiala alipofukia mtungi wake mdogo, akatengeneza mvinyo mweupe bila maganda ya zabibu, Jumber aliuita maji ya kusuuzia glasi.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa mezani kwao, akaja mgeni: Vazha, baba wa binti aliyechumbiwa na mtoto wao Lasha. Tsiala alikuwa amepika chakapuli, nyama ya kondoo mchanga iliyochemshwa na plamu mbichi, chachu kweli kweli, na majani tele ya tarkhuna, kiungo chenye harufu kali. Vazha akaingia amekumbatia dumu la mvinyo wake mweusi.

"Mweusi na plamu mbichi ni wake wenza," Tsiala alimnong'oneza mumewe. "Watagombana."

"Nyamaza wewe! Unataka kumwaibisha mkwe?"

Vazha akasimama, akawaombea wachumba heri, akanywa. Akatafuna nyama, akanywa tena. Uso ukamkunjamana. Akanusa glasi.

"Nisameheni," akasema, masikio yamemwiva. "Naona umeharibika njiani."

Jumber akainamia sahani. Mimi nilingoja Tsiala aseme "si nilisema!" Badala yake aliinuka, akaleta jibini na maharage yaliyopondwa na jozi.

"Haujaharibika, mkwe. Kula hiki, kisha unywe."

Vazha akanywa. "Ala! Ni wenyewe!"

"Ulikuwa umegombana na plamu tu." Akammiminia mweupe. "Sasa rudi kwenye nyama."

Akarudi, na sahani ya pili akaiomba mwenyewe. "Jumber, ndugu yangu, kitu hiki ulikificha wapi?"

Jumber akakohoa. "Huo... ni wa hapa hapa nyumbani."

"Wa nani hapa nyumbani?" Tsiala akauliza, mikono kiunoni.

"Wa mama Lasha."

Tuliangua kicheko, Vazha wa kwanza.

Wiki mbili baadaye Vazha akamfuata Tsiala kwa gari, ili akamchagulie mvinyo wa arusi. Tsiala alionja mitungi saba, akakataa miwili. Vazha alibisha, akanuna, mwisho akakubali. Arusi ilikuwa Mei. Samaki wa mtoni wakapata mweupe, mishikaki ikapata mweusi, na hakuna aliyekunja uso. Jumber alizunguka meza hadi meza akijigamba kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mkewe. Tsiala hakumsikia. Alikuwa uwanjani, anacheza na Vazha.