Uwanja Uliolala

Jirani yangu hapa Mafinga alipanda jeraniamu, yale maua mafupi yanayotambaa, akafunika uwanja mzima ili apumzike kufagia, maana kiuno kilikuwa kinamuuma. Sasa anafagia maua. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, anajifunga khanga juu ya sweta, anayaamkia "kamwene," kisha anainama na ufagio na kuyapitia majani polepole, kama anayemchana mtoto nywele. Ua likiinama upande asioutaka, analinyoosha kwa kidole gumba huku akiligombeza. Mimi nikikatiza uwanja kwenda kuomba chumvi, ananivua viatu.

Mwezi wa saba baridi iliunguza kila kitu, pakabaki udongo na majani makavu, na hapo ndipo ilipofika zamu yake ya kupokea sala ya jumuiya. Mwenyekiti wetu, Mama Rabson, alipouona ule uwanja aliokota ufagio mwenyewe. "Mama, watu wanakuja kusali, pachafu hivi?" Jirani akamnyang'anya. Nikajua leo, udongo ukiwa wazi, atafagia kwa raha zake. Akauegemeza ufagio ukutani, akayaonyesha majani makavu, akashusha sauti: "Wamelala. Wataamka mvua zikianza."

Mama Rabson, ambaye akiimba mbwa wa mtaa wa pili wanabweka, akatutoa wote mpaka barabarani, tukasali palepale vumbini. Na wimbo wa mwisho ulipofika, ni yeye aliyeweka kidole mdomoni, tukauimba kwa kunong'ona.