Mama Aliondoka Tukiimba

Darasa la awali ninalofundisha liko nje kidogo ya Ngaramtoni, na watoto wengi hunijia na Kiswahili cha kuokoteza. Nikisema "Nendeni mkanawe," nusu yao wananitazama tu. Nikiimba, miguu inaelewa kabla ya masikio. Ndiyo maana kila jambo letu lina wimbo wake: kupanga viatu, kunawa kabla ya uji, kwenda nyumbani.

Muhula uliopita alikuja binti mmoja aking'ang'ania kanga ya mama yake. Mama huuza mboga, na ilikuwa siku ya soko. Tulipoanza wimbo wa kunawa, binti alivutiwa, akasogea kwenye ndoo ya koki, akasugua vidole kama wenzake. Mama akaona hapo ndipo pa kupenyea. Akatoka kimyakimya.

Tangu hapo, kila nilipoanza "Maji, sabuni, sugua sugua," binti alikimbilia mlangoni akilia. Wimbo wa viatu aliuimba vizuri. Nikadhani anaogopa baridi ya maji, nikampa ya uvuguvugu. Akalia vilevile.

Siku moja mama yake akaja, amechoka.

"Mwalimu, huyu akae tu na bibi yake mpaka mwakani. Nikimwacha, kilio chake kinanifuata hadi sokoni."

Nikachuchumaa, nikamuuliza binti kwa nini hapendi kunawa.

"Mkiimba, yeyo anapotea."

Yeyo ni mama, kwa lugha ya kwao. Mama akaweka kiganja mdomoni.

Sikumlaumu, wazazi wengi huondoka hivyo, wakidhani wanamwepushia mtoto machozi. Lakini nyimbo zetu hufanya kazi kwa sababu mtoto anajua kitakachofuata. Wimbo wa viatu ukiisha, viatu vimepangwa. Binti huyu alikuwa amejifunza sawasawa kabisa, ila kwake kilichofuata kilikuwa mama kutoweka.

Nikamwomba mama kesho yake anawe pamoja nasi, kisha aage waziwazi, kwa kuimba.

"Mimi? Mbele ya watoto? Si nitalia kama punda!"

"Punda naye hufika sokoni, mama."

Akacheka, akakubali.

Kesho yake mikono yake mikubwa ilikuwa katikati ya ile midogo. Wimbo ulipoisha alimwinamia binti akaimba kwa aibu, "Naenda sokoni, nitarudi, nitarudi," na darasa zima likampokea. Binti alilia, sitaficha. Lakini hakukimbia. Alisimama pale kwenye ndoo akipunga mkono uliolowa, mpaka kanga ya mama ilipopotea getini. Kisha akaenda kunywa uji.

Mchana mama alirudi tukiwa katikati ya wimbo wa kwenda nyumbani. Akanyoosha mkono amchukue. Binti akaurudisha wake nyuma.

"Yeyo, subiri. Hatujamaliza."

Mama akasubiri mlangoni, kapu tupu mkononi, midomo yake ikijaribu kufuata maneno.