Ukuta Ulioandikwa Vibaya

Wanaowajibika kwa moto uliozuka kwenye ghorofa ya pili ya jengo letu hapa Bukoto, na kumuua jirani yangu Mama Akello, ni watu wawili. Wa kwanza ni mwenye jengo. Wa pili nitamtaja wakati wake utakapofika, na sitamficha. Haya ninayoyaandika yalitokea. Sikuyaota, sikusimuliwa. Tena mgeni nitakayemsimulia msidhani alikuja usiku: ilikuwa alasiri, jua likiingia sebuleni, nami nimetoka kuswali.

Nilifanya kazi ya masjala katika idara ya serikali hadi nilipostaafu. Taarifa za askari zilipitia mezani kwangu, nyingi kwa Kiswahili, na wengi wa waandishi wake walichanganya l na r kama wafanyavyo watu wengi wa Kampala. Nilizisahihisha kwa wino mwekundu. Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu tangu babu zetu walipokuja na biashara kutoka pwani, na neno lililopinda lilikuwa likiniuma kama kokoto kiatuni. Nilipostaafu, wapangaji walinichagua kuwa katibu wa kamati ya jengo. Kwa kuwa mwenye jengo ni mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, barua zetu kwake tuliziandika kwa Kiswahili, na mwandishi nilikuwa mimi.

Mama Akello, mjane wa polisi kutoka kaskazini, aliishi mlango wa pili. Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa chumba chake cha kulala. Moto ulianzia kwake asubuhi moja. Ripoti iliyotolewa ilisema kwamba aliacha sigiri, jiko lake la makaa, ikiwaka chumbani. Niliisoma, nikaitia faili, nikanyamaza. Hata hivyo nilikuwa nimeiona sigiri hiyo kwa macho yangu siku ile ile, iko kwenye roshani yake, baridi, imefunikwa kifudifudi. Hakuna aliyeniuliza. Je, nilisubiri kuulizwa? Naam, nilisubiri.

Kwangu hapakuungua kitu, lakini moshi ulijaa kila chumba. Binti yangu Zuhura, anayefanya kazi Kyambogo, alikuwa akiishi nami pamoja na mtoto wake mchanga. Mtoto alianza kukohoa mpaka akawa wa bluu midomoni. Zuhura akafunga mizigo.

"Baba, harufu ikitoka, tutarudi," aliniambia mlangoni. "Isipotoka, basi uje wewe uishi nasi huko Kyambogo."

Niiache nyumba aliyofia mke wangu? Niliamua kuitoa harufu ile. Niliosha kuta kwa maji na sabuni. Nilifua mapazia mara tatu. Niliweka mabeseni ya siki, nikaweka makaa makavu kila pembe, nikafukiza udi, nikapata nyumba inayonuka moshi na udi. Kato, msimamizi wa jengo, alipita akachungulia.

"Mzee, hiyo halufu ndogo tu. Fungua dilisha."

"Dirisha, Kato."

"Ndiyo, mzee. Dilisha."

Wiki ya sita ikaingia, harufu iko pale pale.

Ndipo alasiri hiyo mlango ukabishwa. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga leso usoni mpaka chini ya macho, kama wajifungavyo wafagiaji wa masizi. Mkononi alikuwa na vitambaa vyeupe.

"Mzee Katibu, nimekuja kutoa harufu."

Nilidhani ametumwa na Zuhura. Nyumbani kwangu kila fundi huandika katika daftari la wageni jina, saa na shughuli yake, nikamsogezea kalamu. Aliandika mwenyewe, nami sikutazama. Nilifunga mlango kwa komeo ili upepo usipeperushe masizi.

Alipita kidole ukutani akatikisa kichwa. "Nani aliweka maji hapa?"

"Mimi."

"Mzee Katibu! Unaosha nyumba kama mtu anaosha gari? Moshi iko na mafuta. Ukipatia maji kwanza, inaingia ndani inakaa. Unatoa kavu kwanza. Kutoka juu."

Nilitaka kumwambia kwamba moshi hausemwi "iko", nikajizuia. Alikuwa akifanya kazi vizuri mno. Alianza darini na kitambaa kikavu, akashuka ukutani kwa mistari iliyonyooka. Alifungua vifuniko vya swichi akafuta ndani yake. Alivuta kabati akafuta mgongo wake. Mimi, mtu niliyesimamia makarani, nikajikuta nimemshikia ndoo. Jambo moja nililiona nikalipuuza: kitambaa chake hakikushika weusi wowote.

Alipofika ukuta wa kwa Mama Akello, alisimama. Akaweka kiganja.

"Mzee Katibu, hapa iko na hari."

Ulimi wangu ukafanya ulichozoea. "Hali, bibi. Sema, hapa pana hali mbaya."

Akacheka nyuma ya leso, kicheko kifupi, bila ubaya. "Unanisahihisha tena? Si hali. Hari. Hari ya kutoa jasho. Mama Zuhura ndiye alinifundisha, tukichagua mchele hapo kwa roshani yako."

Mama Zuhura ni marehemu mke wangu. Yeye hakusema "joto" hata siku moja. Alisema hari: leo kuna hari, chai ina hari. Na watu wa kaskazini, niaminini, hawachanganyi l na r. Lugha yao ina zote mbili. Nilijua hilo. Nilikaa miaka mingi na taarifa zao mezani.

Nikaweka kiganja changu kando ya chake. Ukuta ulikuwa wa moto kama birika. Umeme wa ghorofa nzima ulikatwa siku ya moto na haujarudishwa hadi leo ninapoandika. Niambieni, ulikuwa ukipashwa na nini?

Miguu ilinipeleka chumbani, kwenye sanduku la bati ninamotunza faili za kamati. Kanuni yangu ilikuwa kwamba malalamiko ya mdomo hayapokelewi. Mama Akello alikuwa ameniletea lake kwenye karatasi ya daftari la shule, miezi mitatu kabla ya moto. Lilikuwa bado limebanwa nyuma ya nakala ya barua yangu. Aliandika: "Katibu, ukuta ya kwangu iko na hari sana, karibu na swichi." Juu ya herufi r kulikuwa na l yangu, nyekundu. Na barua niliyompelekea mwenye jengo, kwa Kiswahili changu safi, ilisema: "Hali ya ukuta wa chumba cha Mama Akello si nzuri, hususan karibu na swichi."

Mwenye jengo alimtuma mtu wa kupaka rangi. Aliyachukua yale maandishi yangu kama yalivyo: ukuta una hali mbaya, basi upakwe. Hakuleta fundi wa umeme, wala hakuja kutazama. Waya ziliendelea kuungulia ndani ya ukuta mpya wa rangi ya maziwa. Mimi nami nilikuwa hatua kumi kutoka mlango wake, na sikwenda kuugusa ukuta ule.

Niliporudi sebuleni hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama nilivyolifunga. Ukuta ulikuwa baridi. Na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, nyumba yangu haikunuka chochote. Nilizunguka vyumba vyote nikinusa kama paka. Harufu ilikuwa mahali pamoja tu: katika faili niliyoshika. Karatasi nyingine za sanduku lile hazikuwa nayo.

Nikafungua daftari la wageni. Jina: Jirani. Shughuli: kutoa harufu. Mwandiko ni ule wa karatasi ya shule, na mkia wa r umevutwa chini vile vile. Nilikaa kwenye kiti nikamwomba radhi kwa sauti, kwa jina lake, ukutani.

Zuhura alirudi. Alinusa, akanikumbatia. "Baba, umefanyaje?" Nikamwambia nilimpata mtu hodari. Nikarudisha faili sandukuni. Mnaona nilivyofanya? Nilijua ukweli na nikaufungia.

Siku ya nne moshi ulianza kunuka chumbani. Siku ya saba ulifika sebuleni, na mtoto akakohoa. Nilipeleka sanduku kwenye roshani, haikusaidia. Jana Zuhura alitoa tena begi lake chini ya kitanda. Hapo nikamsimulia yote na kumwonyesha daftari. Alisoma akalia, kisha akasema, "Basi andika, Baba. Si ndiyo kazi yako?" Nimeandika tangu asubuhi, na kadiri ninavyoandika, hewa inasafika. Mtoto amelala, sisikii kikohozi.

Wewe unayesoma, jirani akikuletea neno usilolipenda, nenda kwanza ukaguse ukuta wake. Kalamu itakungoja.

Kwa hiyo nadai rasmi, na nakala ya maelezo haya naipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi, mwenye jengo na wanawe Mama Akello: kwamba ripoti ya moto ifunguliwe upya na sigiri iondolewe ndani yake, kwamba kuta za nyumba zote za jengo hili zipasuliwe na waya zikaguliwe kabla umeme haujarudishwa, kwamba mwenye jengo ajibu mbele ya wapangaji kwa nini alituma rangi bila kuja kutazama, na kwamba mtu wa pili, katibu wa kamati, ambaye ni mimi, aitwe na kuhojiwa kama mtuhumiwa yeyote. Nipo nyumbani. Mlango sijaufunga kwa komeo. Na neno la marehemu lirejeshwe katika kumbukumbu kama alivyolileta: hari, kwa r.