Okidi ya Bibi na Nyundo ya Shangazi

Shangazi yangu amewafungua watu plasta kwa miaka thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba amekatwa. Hulisema hilo kwa sauti ile ile anayosemea kwamba chai imekolea. Alikuwa fundi wa chumba cha plasta hospitalini: mtu akivunjika mguu, yeye ndiye aliyeufunga, na mguu ukipona, yeye ndiye aliyeufungua. Watoto waliuogopa ule msumeno wa umeme. Naye, kabla ya kuugusisha kwenye plasta, aliuweka kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe, ukanguruma weee, kisha akawaonyesha mkono mzima. "Unakata kigumu, laini unaacha," aliwaambia. Halafu aliomba ruhusa. Hata mtoto wa miaka mitatu aliombwa ruhusa, na asipoitoa, shangazi alisubiri.

Alipostaafu alikuja kukaa kwetu kwa muda, kwa kaka yake, yaani baba. Hapo ndipo alipoiona okidi, ua la dirishani.

Okidi ile ilikuwa na cheo kikubwa nyumbani kuliko mimi. Ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Bibi alipofariki, miaka mitatu iliyopita, mama aligawa kila kitu, sufuria, mashuka, hadi cherehani, akabakiza okidi peke yake ndani ya chungu chake cha udongo. Chungu chenyewe bibi alikipaka rangi ya kijani kwa mkono wake, eti kifanane na mlango, ingawa mlango wake ulikuwa wa kahawia. Alijivunia chungu kuliko ua. "Hiki kina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na hakijawahi kupata hata ufa," aliwaambia wageni, na mgeni aliyethubutu kukigusa alikatwa jicho. Mama alirithi chungu pamoja na jicho. Sisi wengine tuliruhusiwa kufagia chini ya dirisha, basi.

Tangu msiba, ua halikuchanua. Majani yalilegea, yakajaa mikunjo. Mama aliona lina kiu, akaongeza maji. Baba, akimwonea mama huruma, alimimina kikombe kwa siri kila asubuhi. Mimi nilimimina changu jioni, nikijiona mwema kuliko wote. Penye wengi pana mengi, na pale dirishani mengi yalikuwa maji.

Asubuhi ya pili shangazi aliinama dirishani na kikombe chake cha chai mkononi. Mizizi ilikuwa imepanda hadi ukingoni, mingine imechungulia kwenye tundu la chini, minene kama kalamu. Alijaribu kupenyeza kidole chunguni. Hakikuingia.

"Wifi," akamwita mama, "mgonjwa wako plasta imembana."

"Wifi, kaa mbali na ua la mama."

"Niko mbali. Naongea tu."

"Lina kiu hilo."

"Halina kiu. Limekosa pa kuweka miguu."

Mama akaingia jikoni, akaanza kugonganisha sufuria, na sisi tunaomjua tukaelewa kwamba mazungumzo yamefungwa. Shangazi hakumfuata. Siku nne hakulitaja tena ua. Siku ya tano mama alikuwa akifuta vumbi kwenye jani kubwa kuliko yote, jani likang'oka lenyewe, likabaki mkononi mwake.

"Haya," akasema bila kugeuka. "Lihamishe. Lakini likifa, wifi, sikusamehe. Nakwambia kabisa."

"Sawa," akasema shangazi, kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Mimi niliogopa kwa niaba yake. Mama hana hasira ya kelele. Aliwahi kumnunia dada yake miaka miwili kwa sababu ya shuka. Nilimpenda shangazi, na sikutaka kumpoteza kwa ajili ya mmea usiokuwa hata na ua.

Shangazi alitandika magazeti mezani uani. Akaweka kopo jipya la plastiki lenye matundu, vipande vya maganda ya mti alivyovilowesha tangu jana yake, mkaa uliopondwa, na mkasi wake wa kukatia bendeji, ambao alikuwa ameuchemsha. Chungu alikizamisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Baada ya nusu saa alizungusha kisu butu ukingoni, polepole, akijaribu kulilegeza ua. Akasimamisha mkono.

"Halitoki. Mizizi imegandamana na chungu."

"Vuta," mama akasema.

"Nikivuta, iliyo hai ndiyo itakayokatika, maana hiyo ndiyo iliyoshika. Tuvunje chungu."

"Chungu ni cha mama yangu!"

"Na ua ni la nani?"

Mama akaweka mkono juu ya chungu.

"Wifi, miaka yote ile hakuna mgonjwa aliyeniomba niiokoe plasta. Lakini chungu ni chako. Usiposema, sipigi."

Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Mama alitazama ua, akatazama chungu. Kisha akaingia ndani. Nikajua kwamba tumekwisha, sasa zitalia sufuria. Lakini alirudi na nyundo ya baba, akaiweka juu ya magazeti.

"Piga wewe. Mimi mkono hautulii."

Shangazi alikifunika chungu kwa taulo, akagonga mara moja, kidogo tu. Kikafunguka kirahisi mno. Akakunja uso, akachukua kigae kimoja, akakigeuza, akampa mama.

Ukingoni mwa kigae ulipita mstari wa simenti ya kijivu, uliosawazishwa kwa ndani. Kwa nje rangi ya kijani ilikuwa imeuficha vizuri. Katikati ya simenti palikuwa na alama ya kidole gumba.

Mama aliweka gumba lake pale. Lilienea sawasawa.

"Mwongo huyu!" akapiga kelele. "Mwongo mkubwa! Hata ufa, eti hata ufa! Na siku ile alinichapa kwa kukisogeza tu!"

Alicheka hadi akakaa chini, na akiwa palepale chini akaanza kulia, kicheko hakijaisha.

"Alikivunja ili alitoe ua," shangazi akasema, akipapasa mstari ule. "Kisha akakiunga, akalirudisha. Alikuwa na mkono mzuri sana. Ningemwajiri."

Mama alijifuta uso kwa taulo lililojaa vumbi la udongo, akabaki na mistari myekundu mashavuni. Akanyoosha mkono. "Nipe huo mkasi."

"Bonyeza mzizi kwanza," shangazi akamwelekeza. "Ulio laini, mtupu ndani, kata. Mgumu acha. Hapa ni kinyume cha kazi yangu."

Mama alikata mzizi mmoja mmoja, na mkono ulikuwa umetulia.

Baba aliporudi aliona kopo la plastiki dirishani na kigae kimoja cha kijani kando yake. Akatutazama sote kama mtu anayetafuta viatu vyake akimbie.

"Chungu cha mama kiko wapi?"

"Nimekivunja," mama akamjibu, akiendelea kumenya vitunguu. "Wa kwanza kukivunja alikuwa mama mwenyewe. Na wewe acha kumwaga maji yako ya asubuhi, nakuonaga."