Kinyama Kilichotoka Mwilini

Kwa miaka ishirini, fundi wa maabara waliyemwita Bi Wembe alikata vinyama vya wagonjwa vikawa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, ili ijulikane saratani imeanzia wapi: ngozi, tezi, msuli au mfupa. Kila moja ina tiba yake.

Siku moja kikaja kichupa chenye jina la dada yake. Kwenye lebo yake, penye "kimetoka wapi", daktari bingwa aliandika: mwilini.

Bi Wembe akapanda ngazi na sinia lake la vichupa.

"Daktari, hata mimi sikudhani kimetoka ukutani."

"Mama, nina wagonjwa arobaini."

"Mimi nina dada mmoja."

Bingwa akakuna kichwa, akaandika: paja, ndani ya msuli.

"Ahsante, mwanangu. Bado hivi tisa. Navyo vimetoka mwilini."