Nyundo ya Baba

Nikisikia harufu ya dizeli kwenye tambara, namwona baba amelala chini ya trekta, uani kwetu Kiomboi. Mvua ilishanyesha, watu wanasubiri kulimiwa, na bushi ya ekseli ya mbele, kibomba cha chuma kilicholika na kukwama, imegoma kutoka. Alikuwa akiikata polepole kwa kipande cha msumeno wa chuma.

"Baba, mbona hugongi kwa nyundo?"

"Jirani kuna msiba."

Mchana mjane mwenyewe alisimama ng'ambo ya ua wa minyaa. Baba akatoka mbio chini ya trekta.

"Shikamoo, mama. Pole."

"Marahaba. Wewe gonga, mwanangu. Mzee alizoea kusinzia akiisikia nyundo yako. Leo kimya kimezidi."

Baba alijifuta macho kwa tambara lile lile, ndipo akagonga.